Mtihani, darasa au mkufunzi wa timu: mchambuzi, msanidi na mshauri wa Nairobi alipie nini?

Msimu wa tathmini ya kazi ukifika, ofisi nyingi za Upper Hill na Westlands hugeuka soko la vyeti. Huyu anataka PMP ya usimamizi wa miradi, yule kasikia CBAP ya uchambuzi wa biashara ndiyo mambo yote, wa tatu ametumiwa tangazo la darasa la siku mbili hotelini, chai na chakula cha mchana ndani. Meneja naye anauliza timu nzima ipelekwe wapi kabla bajeti haijafungwa. Kila mmoja anataka kujua kilicho bora. Kwa maoni yangu hilo halijibiki mpaka tujue kwanza karatasi hiyo itasomwa na nani.

Wasomaji ni wa aina tatu. Kuna mwajiri, au afisa wake wa rasilimali watu, anayepepeta wasifu mia kwa mchana mmoja akitafuta herufi anazozijua. Kuna kamati ya kutathmini zabuni, ambayo haikujui, huwezi kuipigia simu ujieleze, na alama inakupa kwa kilichoandikwa tu. Halafu kuna asiyesoma karatasi yoyote, yaani kazi yenyewe: mfumo utakaowashwa mwisho wa mwezi, ukabeba wateja au ukaanguka nao. Wengi Nairobi hulipa ada za msomaji mmoja wakitarajia kumridhisha mwingine, kisha wanasema mafunzo hayasaidii.

CBAP, PMP na ndugu zao

Tuanze na mchambuzi wa biashara, yaani anayekusanya mahitaji ya wenye kazi na kuyaeleza kwa wanaotengeneza mfumo. IIBA, taasisi ya kimataifa ya wachambuzi hao iliyoanzishwa Toronto mwaka 2003, ndiyo yenye BABOK, mwongozo wa kazi ya uchambuzi, na toleo la tatu la mwongozo huo lilitoka 2015 likiwa na kurasa zaidi ya 500. Cheti chake cha kuanzia ni ECBA: maswali 50 ya kuchagua jibu, wala huulizwi umefanya kazi miaka mingapi. Cha juu ni CBAP, na hapo mambo hubadilika. Unatakiwa uwe na saa 7,500 za kazi ya uchambuzi ndani ya miaka 10 iliyopita, saa 35 za mafunzo ndani ya miaka minne, na watu wawili wa kukudhamini. Mtihani ni maswali 120 kwa saa tatu na nusu, mengi yakiwa visa virefu vya kusoma kwanza.

Hizo saa 7,500 zipigie hesabu. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki kwa wiki 48 hupata saa 1,920 kwa mwaka, kwa hiyo miaka minne ingemtosha, kama angekuwa anachambua tu. Lakini mchambuzi wa Nairobi ni mtu wa kila kitu. Asubuhi yuko kikaoni na idara ya mikopo, mchana anajaribu mfumo kwa sababu timu haina mjaribu, jioni anawafundisha makarani wa tawi la Githurai kuingia kwenye mfumo mpya. Mafunzo ya watumiaji na kupokea simu za malalamiko hayaingii kwenye hesabu. Nusu ya muda wake ikikubalika ana bahati, na miaka minne inakuwa minane.

Isitoshe, saa hizo lazima zitawanyike: angalau 900 katika kila moja ya maeneo manne kati ya sita ya mwongozo. Maeneo hayo ni kupanga uchambuzi, kukusanya mahitaji kutoka kwa wadau, kuyasimamia mahitaji tangu yaibuke mpaka yatimizwe, uchambuzi wa mkakati, kuyachambua mahitaji na kusanifu suluhisho, na mwisho kutathmini suluhisho likishaanza kutumika. Kwa wengi wetu mkakati na tathmini ndiyo mapengo, maana mchambuzi huitwa mkurugenzi akiwa ameshanunua mfumo, na siku unapowashwa tayari amehamishiwa mradi mwingine. Bahati nzuri manne yanatosha. Kwa hiyo hata kama CBAP ni ya miaka mitano ijayo, fungua jedwali leo: mradi, mteja, eneo, saa, na jina la bosi wa wakati huo. Mabosi wa benki na mashirika huhama, na kumtafuta mtu aliyekwenda Kigali miaka sita iliyopita akudhamini ni kazi ya kuchosha.

PMP inatolewa na PMI, taasisi kongwe zaidi, ya Marekani, iliyoanzishwa 1969, nayo ina tawi lake hapa Kenya. Ukiwa na shahada unahitaji miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo, kisha maswali 180. Zingatia neno kuongoza. Mchambuzi aliyeandika nyaraka za mradi chini ya meneja mwingine hajaongoza, hata kama kila mtu anajua ni yeye aliyeubeba.

Kati ya hizo mbili, ipi? Kama unasomwa na afisa wa rasilimali watu wa Nairobi, PMP inajulikana kuliko CBAP, tena kwa mbali. Nimeona matangazo ya kazi ya mchambuzi yanayotaja PMP bila kuitaja CBAP kabisa, jambo la ajabu, sawa na kutangaza nafasi ya fundi umeme ukadai leseni ya udereva. Ndivyo soko lilivyo. Anayetaka kubaki kwenye uchambuzi na analenga benki kubwa au kampuni za nje zinazoajiri kwa mbali, CBAP humtofautisha, kwa sababu walio nayo ni wachache na huko nje inaeleweka. Anayejiona meneja wa miradi baada ya miaka mitatu aende PMP moja kwa moja. PMI-PBA, cheti cha PMI cha uchambuzi, ni kizuri kwa maudhui, ila matangazo ya hapa mara chache huitaja, na sioni sababu ya kuanza nayo.

ECBA ni ya anayehama kutoka fani nyingine: mhasibu, karani wa mikopo, mwalimu. Inampa msamiati wa kazi na kitu cha kuweka kwenye wasifu ulio mtupu. Aliyekwisha kuajiriwa kama mchambuzi, hata kwa mwaka mmoja, pesa hizo zina kazi nyingine.

Kuna gharama ambayo tangazo halisemi. CBAP na PMP zote hufanywa upya kila baada ya miaka mitatu, na kila moja inadai vipimo 60 vya kujiendeleza pamoja na ada. Ukizichukua zote mbili unajitwika madeni mawili yasiyoisha.

Scrum: mtihani wa nyumbani au darasa la lazima

Scrum ni utaratibu wa timu kufanya kazi kwa awamu fupi fupi, na kwa timu za programu ugomvi mkubwa ni kati ya vyeti vyake viwili, PSM I dhidi ya CSM. Vyote vinapima mambo yale yale, kutoka kwenye Mwongozo wa Scrum wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, ambao toleo lake la sasa ni la 2020, hauzidi kurasa 15, na unapatikana bure. Schwaber alikuwa miongoni mwa walioanzisha Scrum Alliance, akaondoka 2009, akaanzisha Scrum.org. Ukijua hilo utaelewa kwa nini vyeti hivi viwili vinafanana kwa maudhui na kupingana kwa falsafa: kimoja kinaamini mtihani, kingine kinaamini darasa.

| | PSM I | CSM |
|---|---|---|
| Anayetoa | Scrum.org | Scrum Alliance |
| Darasa | si lazima | lazima, kwa mkufunzi aliyeidhinishwa |
| Mtihani | maswali 80, dakika 60 | maswali 50, dakika 60 |
| Kufaulu | asilimia 85 | asilimia 74 |
| Muda wa cheti | hakiishi | kila miaka 2 hufanywa upya: dola 100 na saa 20 za kujiendeleza |
| Unacholipa | dola 200 za mtihani | bei ya darasa, mtihani ukiwa ndani yake |

Kwa anayelipa mwenyewe, naona PSM I inashinda bila mjadala. Dola ikiwa karibu shilingi 130, ni kama shilingi 26,000, unalipa mara moja na cheti ni chako maisha yako yote. Kuna pia jaribio la bure la maswali 30 kwenye tovuti yao. Lirudie mpaka uchoke, na usilipe kabla hujapata alama zote mara kadhaa mfululizo. Mtihani wenyewe ni mgumu kuliko jaribio hilo, na sekunde 45 kwa swali hazikupi nafasi ya kufungua vitabu. Nywila ya mtihani unayonunua ni ya kuufanya mara moja tu, kwa hiyo usiufanyie mahali ambapo stima hupotea mvua ikinyesha.

CSM inafaa pale mwajiri analipa na mkufunzi ana sifa. Siku mbili na mtu aliyeendesha timu kwa miaka ishirini zina thamani ambayo mtihani hauna: unaweza kumuuliza kuhusu meneja wako anayeingia kwenye kikao cha asubuhi cha dakika 15 na kukigeuza kesi ya saa nzima. Lakini kama hutatumia darasa kuuliza maswali ya namna hiyo, unalipia chakula cha hoteli.

Wajaribu wa mifumo husahaulika katika mijadala hii, na wao ndio wenye uamuzi rahisi kuliko wote: ISTQB, cheti cha kimataifa cha kazi ya kujaribu mifumo, ngazi ya msingi. Maswali 40, dakika 60, ukipata 26 umefaulu, na cheti hakiishi. Wasiloambiwa wengi ni kwamba anayefanya mtihani kwa lugha isiyo yake ya kuzaliwa anaruhusiwa nyongeza ya robo ya muda, yaani dakika 15. Waombe unapojiandikisha, usingoje siku yenyewe.

Darasa la hotelini na mkufunzi anayekaa na timu

Hapa ningependa meneja asome polepole, maana ndipo pesa nyingi hupotea.

Darasa la wazi huleta watu ishirini kutoka kampuni tofauti. Faida yake kubwa haiko kwenye slaidi, iko kwenye foleni ya chai: unakutana na mtu wa SACCO aliyehamisha data ya wanachama mwaka jana na anajua ilipomuumiza. Ukimtuma mtu mmoja kwa ajili hiyo, sawa. Tatizo ni pale unapowatuma watatu kati ya tisa ukitumaini watawabadilisha wale sita. Wanarudi Jumatatu na maneno mapya, wanawakuta wenzao wakifanya kazi kama kawaida, na ifikapo Alhamisi wao ndio wamebadilishwa.

Mkufunzi wa timu huja ofisini kwenu, tuseme nusu siku kwa wiki kadhaa, na malighafi yake ni tiketi zenu wenyewe, yaani maelezo mafupi ya kila kazi ambayo mfumo unatakiwa kufanyiwa. Bei yake ya siku inashtua ukiitazama peke yake. Igawanye kwa watu tisa, kisha ilinganishe na ada ya hoteli kwa kichwa. Mara nyingi utaona pengo si kubwa hivyo, na wakati mwingine halipo kabisa.

Tofauti ya mafunzo yenyewe inaonekana kwenye mfano mmoja. Tuseme timu inatengeneza mfumo wa karo, na tiketi inasema: "Mzazi alipe karo kwa M-Pesa na salio la mwanafunzi lisomeke papo hapo." Hotelini tiketi hiyo ingepangwa upya kwa ule mtindo wa "nikiwa mzazi, nataka hiki, ili nipate kile", ikabandikwa ukutani kwa karatasi ya njano, tukaendelea mbele. Mkufunzi aliyekaa na timu anauliza: mzazi akiandika jina la mtoto mahali pa nambari ya usajili, inakuwaje? Chumba kinanyamaza. Anamwambia mchambuzi ampigie mhasibu wa shule, simu ikiwa kwenye spika.

"Mama, habari ya kazi. Mzazi akikosea nambari ya mtoto, pesa huenda wapi?"

"Zinaingia kwa akaunti ya shule, kijana wangu, lakini hazina mwenyewe. Mimi ndiye hukaa na hiyo orodha nikipigia wazazi mmoja mmoja. Mwingine ameandika tu 'Brayo F3'. Sasa Mabrayo hapa ni wangapi?"

Hapo msanidi anainua mkono. Mtambo wa Daraja wa Safaricom, unaounganisha mifumo ya nje na M-Pesa, humpa mwenye Paybill (nambari ya biashara ya kupokea malipo) anwani mbili za kuunganisha na mfumo wake: moja huulizwa kabla pesa hazijapokelewa, nyingine huarifiwa zikishapokelewa. Ile ya kwanza, ya kuhakiki, haifanyi kazi mpaka uombe iwashwe. Na unapoziandikisha unatakiwa kuchagua neno moja kati ya mawili: mfumo wako ukishindwa kuitika wakati wa kuhakiki, muamala ukamilishwe au ufutwe. Katika timu nyingi neno hilo huchaguliwa na msanidi, usiku, peke yake, kwa kunakili mfano aliokuta.

Lakini huo si uamuzi wa kiufundi. Ukichagua ufutwe, na seva ikalala siku ya kufungua shule, kuna mzazi amesimama langoni na sanduku la mtoto, malipo yamekataa, na lori la mchanga linapiga honi nyuma yake. Ukichagua ukamilishwe, hakuna anayezuiliwa langoni, ila Mabrayo wa mhasibu wanaongezeka kila seva inapolala. Mwenye haki ya kuchagua ni shule. Kazi ya mchambuzi ni kulipeleka swali hilo mezani kwa mhasibu na mwalimu mkuu kwa maneno wanayoyaelewa, kuliandika jibu, na kumrudishia msanidi. Ile tiketi moja inazaa nne: kuhakiki nambari, orodha ya malipo yasiyo na mwenyewe, namna mhasibu atakavyoyahamisha kwa mtoto husika, na ujumbe atakaoupata mzazi aliyekosea.

Asubuhi moja ya namna hiyo hufundisha mchambuzi, msanidi na mjaribu kwa pamoja, na haiishii kwenye cheti chochote. Ndiyo maana kwa timu iliyokwisha kuundwa ninampendekeza mkufunzi wa ndani kuliko vyeti tisa. Nawaelewa wanaopinga: mfanyakazi akiondoka hana cha kuonyesha. Basi ongeza PSM I au ISTQB kwa anayetaka baada ya miezi mitatu, kwa gharama ya kampuni. Watafaulu kwa urahisi zaidi, maana watakuwa wameshayaishi yanayoulizwa.

Mkufunzi wa ndani ana hatari zake. Mfumo ukianguka asubuhi ile ile, nusu ya darasa hutoweka. Mkuu wa idara akikaa kwenye kona na kompyuta yake, watu hawasemi yanayowasumbua. Mwombe kwa heshima ahudhurie kikao cha kwanza na cha mwisho tu. Na wapo wakufunzi wanaojiita wa ndani huku wakileta slaidi zile zile za hotelini. Kuwachuja ni rahisi: kabla ya kutia sahihi, mtumie tiketi tano za kweli, majina ya wateja yakiwa yamefutwa, umwambie akueleze angefanya nini nazo siku ya kwanza. Akirudi na maswali, huyo ni wako. Akirudi na ratiba yenye mapumziko ya chai, endelea kutafuta.

Mshauri: hapa karatasi ina bei yake

Yote niliyosema dhidi ya vyeti hugeuka unapokuwa mshauri anayeomba kazi za serikali, kaunti au miradi ya wafadhili. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, ombi la huduma za ushauri kwa kawaida huwa na bahasha mbili, ya kiufundi na ya bei. Bahasha ya kiufundi husomwa kwanza kwa jedwali la alama, na ukikosa alama ya chini iliyotajwa, ya bei hairuhusiwi hata kufunguliwa. Kwenye jedwali hilo kuna mstari wa wataalamu wakuu: shahada alama kadhaa, cheti cha kitaaluma alama kadhaa, miaka ya uzoefu alama kadhaa. Mtu mwenye kipaji asiye na cheti hupata sifuri kwenye mstari huo, na kamati haina hiari. Ikimpa alama kwa huruma, mshindani atakata rufaa.

Kwa hiyo kwa mshauri wa zabuni, PMP ni kama ada ya kuingia. Usiibuni thamani yake kichwani. Chukua matangazo kumi ya zabuni za aina yako ya mwaka uliopita, uhesabu kila cheti kimetajwa mara ngapi, na jedwali litakuambia kama ni PMP, PRINCE2 (cheti kingine cha usimamizi wa miradi), CBAP au kitu cha usalama wa mifumo. Hakikisha pia hakijaisha muda siku ya kufunga zabuni. Na kwa kuwa tumelifikia hilo: sheria hiyo hiyo inataka kila ukurasa wa zabuni uwe na nambari mfululizo. Makampuni yenye wataalamu wa kupigiwa mfano huondolewa raundi ya kwanza kwa kurasa zisizo na nambari. Hakuna kozi ya kujiendeleza yenye faida ya haraka kuliko kumfundisha mtu mmoja ofisini kuisoma orodha ya masharti ya lazima mstari kwa mstari.

Mshauri wa wateja binafsi yuko kwenye dunia nyingine. Mwenye kiwanda cha Ruaraka au mkurugenzi wa hospitali ya kibinafsi hatakuuliza PMP. Atauliza umemfanyia nani kazi kama hii, kisha atampigia huyo mtu simu wewe ukiwa bado kwenye lifti. Pesa za mafunzo za mshauri huyu ziende kwenye mambo mawili. La kwanza ni kuendesha vikao: kumnyamazisha anayesema sana bila kumvunjia heshima, kumtoa maneno karani aliyekaa nyuma, na kutoka chumbani na uamuzi. Hilo hujifunzi kwa mtihani. Tafuta darasa ambalo utaendesha kikao ukirekodiwa na kukosolewa. La pili ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Karibu kila mfumo unaoushauri unabeba majina, namba za simu na vitambulisho vya watu, na mshauri anayeweza kumwambia mteja wapi anahitaji ridhaa, wapi anatakiwa kujiandikisha kwa Kamishna wa Data na data gani asiikusanye kabisa, amempa sababu ya kumwita tena.

Shahada ya uzamili

Sitakaa sana hapa. Shahada ya uzamili ya Strathmore au ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka miwili ya jioni na Jumamosi, na kwa wengi mwaka wa tatu wa kuhangaikia tasnifu. Inalipa kama unataka kufundisha, kama zabuni zako huipa alama nyingi, au kama unalenga Umoja wa Mataifa kule Gigiri, ambako nafasi za kitaalamu huitaka, ingawa mara nyingi shahada ya kwanza na miaka miwili zaidi ya uzoefu hukubaliwa badala yake. Kwa mchambuzi au msanidi anayetaka kuwa bora kazini mwakani, ni njia ndefu mno, hasa ukiishi mbali na jiji kama Juja.

Nani alipe, na kwa utaratibu gani

Kila mwajiri hulipa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kampuni ya watu 40 imetoa shilingi 24,000 kwa mwaka, na nyingi huzichukulia kama kodi iliyokwenda. Lengo la ushuru huo ni mafunzo, na mwajiri aliyelipa anaweza kuomba arejeshewe sehemu ya gharama. Masharti mawili ndiyo huwaangusha watu: mkufunzi awe amesajiliwa na NITA, na idhini iombwe kabla mafunzo hayajaanza. Ada za mitihani ya nje unayoifanya peke yako usizitarajie kwenye njia hii. Ile ya mkufunzi wa timu, mtu wa hapa aliyesajiliwa, inaendana nayo vizuri, na hiyo ni hoja nyingine ya kumpelekea mkuu wa fedha.

Mshauri anayejilipia adai kwa mkufunzi wa hapa ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, KRA. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo, isipokuwa chache zilizosamehewa, KRA haikuruhusu kuiondoa kwenye mapato unapokokotoa kodi, na risiti ya kuandikwa kwa mkono ya darasa la shilingi 80,000 ni pesa umezitupa mara mbili. Muulize kabla ya kulipa. Akisema atakutumia baadaye, mwambie utalipa baadaye.